Kidole cha Bi Usafi

Katika maabara ile hakuna aliyeruhusiwa kujipaka mafuta. Si mafuta ya nywele, si losheni, si manukato, hata yale ya kudondoshea tone moja nyuma ya sikio siku ya harusi ya rafiki. Aliyeitunga sheria hiyo alikuwa mkemia wa chumba cha mwisho, mwanamke mwenye mikono iliyopauka kuliko ubao wa chaki, na wenzake walimpachika jina la Bi Usafi. Walianza kwa kumsengenya. Yeye akalisikia, akalipenda, likawa lake, na sasa hata Profesa, mkuu wa maabara, alimwita hivyo mbele ya wageni.

Sheria haikuwa ya kujishaua. Bi Usafi alifanya kazi na uso wa maji. Mimi na wewe tukitazama maji tunaona maji. Yeye aliona ile ngozi ya juu kabisa, pale maji yanapoishia na hewa inapoanzia. Alijua kwamba protini ikiwa ndani ya maji imejikunja vizuri, kila kiungo mahali pake, inafanya kazi yake. Ikipanda juu ikakutana na hewa, inafunguka kama mzigo uliokatika kamba, na ikishafunguka hairudi tena. Kwa wakemia, hapo ndiyo imekufa. Ndiyo maana dawa za sindano zenye protini huharibika zikitikiswa sana njiani: kila povu lina uso wake, na protini zinakwenda kufia pale. Bi Usafi alikuwa amemaliza ujana wake akitafuta namna ya kuzipanga protini juu ya maji, tabaka moja tu, moja kando ya nyingine, bila kuziua.

Chombo chake kilikuwa beseni jeupe la plastiki, pana, lenye kina kifupi kama sinia. Linajazwa maji mpaka yanavimba juu ya ukingo. Fito mbili zinazoendeshwa na mota husogea taratibu kukusanya tabaka, kama mtu anavyokusanya makombo mezani kwa kiganja, na katikati huning'inia kipande cha karatasi kinachopima mvuto wa uso. Maji hayo ukiyagusa kwa kidole kimoja tu, mafuta ya ngozi yako yanatandaa uso mzima kabla hujapepesa jicho. Utando wenyewe una unene wa molekuli moja, kwa hiyo hakuna anayeuona. Unachoona ni vipimo vinavyokwenda kombo, na kazi ya asubuhi nzima unaimwaga.

Kwa hiyo Bi Usafi alikuwa na mikono mikavu, na nyumbani hilo lilikuwa kesi.

"Kwani mwanangu anakunyima mafuta?" mama mkwe aliuliza kila alipokuja, akiishika mikono ile na kuigeuzageuza. Kisha akamgeukia yeyote aliyekuwa karibu. "Mkamwana wangu ana digrii za kujaza ukuta, na kazi yake kutwa ni kuosha beseni. Akirudi huku vyombo vinamsubiri!"

Watu walicheka. Bi Usafi naye alicheka, maana mama mkwe alikuwa mtu wa utani na utani wake haukuwa na sumu. Aliyemuuma alikuwa mwingine.

Mumewe alikuwa fundi friji. Mtu mwema, mcheshi, asiyekuwa na neno na mtu. Kila jioni alisimulia: kompresa ya yule mwenye duka la nyama imekufa, gesi ya hoteli inavuja, mteja fulani ni mbishi haijapata kutokea. Bi Usafi alisikiliza, aliuliza, alikumbuka. Alizijua kompresa za mji mzima kama aliyezizaa. Lakini katika ndoa yao yote mumewe hakuwahi kumwuliza, hata kwa bahati mbaya, yeye hufanya nini na yale maji. Mwanzoni alijaribu kumweleza bila kuulizwa. "Wewe na maji yako!" mume alicheka, akamkumbatia, na mazungumzo yakarudi kwenye friji. Akaacha kujaribu. Hakusahau, aliacha tu, na vitu hivyo ni viwili tofauti.

Basi, akaja Kitinda.

Kitinda alikuwa dada wa mwisho wa mumewe, na kwao walimwita hivyo kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Bi Usafi alipoolewa alimkuta mtoto mwenye pengo la meno ya mbele. Likizo zote alizimalizia kwao. Siku moja ya mvua, hapakuwa na cha kumtulizia, Bi Usafi akajaza bakuli maji, akanyunyiza poda juu yake, kisha akagusa katikati kwa kidole alichokipaka mafuta. Poda ikakimbilia ukingoni kama iliyofukuzwa.

"Tena, wifi! Fanya tena!"

Alifanya mpaka kopo la poda likaisha. Tangu siku hiyo walikuwa chanda na pete. Kitinda akasomea kemia kwa sababu ya lile bakuli, yeye mwenyewe hakuficha. Aliporudi na shahada yake ya juu, Bi Usafi ndiye aliyemsemea kwa Profesa akapata meza katika chumba kile kile, na ndiye aliyempa chumba cha kulala nyumbani kwake mpaka ajipange. Yote hayo aliyafanya kwa moyo mmoja. Nasema hivyo ili isionekane kwamba alizaliwa na roho mbaya.

Wiki ile ile ya kwanza, walipokuwa mezani, mumewe aliweka kijiko chini.

"Enhe, dada yangu," alisema. "Leo protini zimefanya nini?"

Kitinda alieleza. Alichukua mkate, akaukata vipande, akavipanga juu ya sahani. Kaka yake akainama, viwiko mezani, akauliza hili, akauliza lile. "Ina maana maji yana ngozi?" alisema, macho yamemtoka. "Jamani! Miaka yote naosha uso kwa maji, sijui nayo yana uso!"

Bi Usafi alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Kwamba maji yana ngozi alimwambia mwaka wao wa kwanza, kwa maneno hayo hayo, na mwanamume huyu akamjibu kwamba thamostati za siku hizi hazidumu. Kitu kikambishia hodi moyoni. Akajiambia ni uchovu. Hakikuwa uchovu, kilikuwa wivu, na siku ile kiliingia kikavua viatu.

Tangu hapo kila jioni ilikuwa "Enhe, dada yangu." Na Kitinda hakuwa mtu wa kuchukiwa kwa urahisi, jambo ambalo liliongeza machungu. Alikuwa na kicheko cha karibu, alisifu chakula, aliosha vyombo akiimba. Kila alipoeleza jambo alimalizia, "Lakini muulize wifi, yeye ndiye mwalimu wangu." Kaka yake aligeuka, akamtabasamia mkewe kwa heshima, kisha akarudi kwa dada yake na swali jingine.

Ndipo Profesa akachochea kuni. Alikuwa amezeeka, mgongo hauruhusu tena kuinamia beseni. Asubuhi moja aliwaita wote wawili, akauweka ufunguo wa chumba juu ya meza.

"Mmoja wenu ataurithi," alisema. "Beseni, chumba na kazi yote itakayofanyika humu. Wanakuja wageni wa kiwanda cha dawa. Kila mmoja awaonyeshe alichonacho, kisha nitaamua."

Bi Usafi aliutazama ufunguo ule. Kwa hesabu zake ulikuwa wake tangu zamani. Nani aliyelipata beseni lile likiwa limepasuka akaliziba? Nani aliyekaa bila mafuta mwilini mpaka mashuka yakawa yanamkwaruza? Akatabasamu, akamshika Kitinda begani, akamtakia heri. Moyoni alikuwa anakufa na tai shingoni.

Siku iliyotangulia wageni, mumewe alikuwa na furaha kama anayeoza binti. "Kesho utawafunga midomo, dada yangu!" Kisha akamgeukia mkewe, kwa sauti ya chini ya mtu anayeomba jambo la maana. "Mke wangu, msaidie mdogo wako asije akatetemeka. Wewe umezoea."

Basi. Kwamba hata mkewe kesho alikuwa na la kuonyesha, halikumpitia kichwani.

Wageni walikuja na viatu vyao vinavyong'aa. Bi Usafi alitangulia. Tabaka lake lilitanda bila dosari, fito zikasogea, mstari wa kipimo ukapanda polepole ulivyotakiwa. Akatumbukiza kipande cha kioo, akakipandisha, tabaka likang'ang'ania juu yake. Akakichovya kwenye dawa ya rangi. Protini iliyo hai hugeuza kioo kuwa buluu. Iliyokufa hukiacha cheupe. Chake kilitoka na ubuluu wa kubahatisha, wa kuutafuta kwa kukisogeza dirishani. Ndivyo vilivyokuwa vioo vyake vyote tangu aanze. Wageni wakatikisa vichwa kwa adabu.

Ikaja zamu ya Kitinda. Alisafisha beseni, akajaza maji mapya, akapitisha fito kufagia uso, akawaita wageni kwenye picha iliyobandikwa ukutani awaeleze kwanza. Wakampa beseni mgongo. Alitania kidogo, wakacheka. Profesa naye alicheka, tena kicheko ambacho Bi Usafi hakukumbuka kuwahi kukipata kutoka kwake.

Katika kazi ile kila mtu anajua mafuta ya binadamu yalipojaa: pembeni mwa pua. Unaweza kukaa mwaka mzima bila losheni, pua haina habari. Bi Usafi alisimama kando ya beseni. Alipitisha kidole pembeni mwa pua yake, akakishusha, akagusa maji. Alifanya polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akaweka mikono nyuma.

Kitinda alirudi akiwa bado anacheka. Kabla ya kuweka protini alibonyeza kipimo kianze kwenye sifuri, bila kutazama kwanza kilikuwa kinasoma nini, na hicho ndicho kingemwonyesha kwamba maji yameguswa. Bi Usafi aliliona kosa hilo. Alishawahi kumkanya mara nyingi kuhusu kosa hilo hilo. Akajifanya hamnazo.

Protini zikaingia. Fito zikasogea. Kioo kikashuka, kikapanda, kikachovywa kwenye rangi. Bi Usafi alikuwa tayari ameshaandaa uso wa masikitiko.

Kioo kilitoka buluu. Si buluu ya kutafuta. Buluu ya wino, ya kalamu iliyovunjika mfukoni. Chumba kizima kikapigwa na butwaa. Profesa alikichukua kwa koleo, akakitazama mbele, nyuma, kisha akamtazama Kitinda. Mgeni mmoja akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata. Bi Usafi naye alipiga makofi, kwa mikono ile ile.

Nyumbani kulikuwa sherehe. Kaka mtu alimnyanyua dada yake juu mpaka akagonga taa. Mama mkwe aliletwa, akapiga vigelegele, akaomba aelezwe amepigia nini. Bi Usafi aliwapakulia. Kichwani mwake kulikuwa na sauti moja tu, na ilikuwa inapiga kelele: *Pua yangu! Ni pua yangu ile mnayoishangilia!* Alitaka kucheka, akataka kupasua sahani. Akaongeza mchuzi.

Lakini Profesa hakuwa mtu wa kuvikwa kilemba cha ukoka. "Kimetokea mara moja," alimwambia Kitinda kesho yake. "Rudia. Ukirudia, ufunguo ni wako."

Kitinda akarudia. Kioo cheupe. Akarudia tena. Cheupe. Alibadilisha maji, akabadilisha protini, akabadilisha kioo, akaambulia patupu. Kila jioni kaka yake alisema "Enhe?" na kila jioni kicheko cha Kitinda kilipungua.

"Wifi," alisema siku moja, akiwa ameketi sakafuni karibu na beseni. "Nisaidie. Nakosea wapi? Nahisi kuna uchafu."

Bi Usafi alimtazama usoni, akamjibu kwa upole kabisa. "Safisha zaidi, mdogo wangu. Siku ile ulisafisha vizuri. Sasa umelegea."

Kitinda akasafisha zaidi. Aliacha losheni hata nyumbani, aliacha mafuta ya nywele, akanawa uso kwa spiriti mpaka ngozi ikambabuka. Kadiri alivyosafisha ndivyo vioo vilivyozidi kuwa vyeupe. Mikono yake ikapauka ikawa kama ya wifi yake, na mama mkwe alipowashika wote wawili alisema sasa ana mabeseni mawili ndani ya ukoo. Hakuna aliyecheka.

"Msaidie," mumewe alimsihi wakiwa wawili. "Unajua kuliko yeye. Mimi nikimwona hivi silali."

"Najitahidi," alisema Bi Usafi, na kwa namna fulani hakuwa anasema uongo.

Maana alikuwa anajitahidi kweli, ila kwa upande wake. Asubuhi alipofika mapema kabla ya wote, alitoa kabatini kichupa cha mafuta safi ya kupimia, ambacho hakikuwahi kufunguliwa chini ya utawala wake, akadondosha kiasi kidogo juu ya maji kabla ya protini. Kioo cha kwanza kilitoka buluu ya mbali. Akaongeza. Cha pili kikakolea. Alipopata kipimo sahihi, kioo kilitoka buluu ya wino, na kesho yake tena, na keshokutwa. Akaelewa. Mafuta yanawahi kukaa mbele, yanajipanga yote kwenye uso, na protini zikifika zinakuta nafasi imejaa. Zinajishikiza chini yake, ndani ya maji, hewa haizigusi, hazifunguki. Alichokuwa anakifukuza katika chumba kile ujana wake wote ndicho alichokuwa anakitafuta.

Alilia, na ninaamini machozi yale yalikuwa ya furaha safi. Kisha akayafuta, na furaha ikapata mwenyewe: *Hii ni yangu.*

Akaomba kikao. Alikuja Profesa, Kitinda, fundi mitambo wa maabara na wakemia wawili wa vyumba vya jirani. Ufunguo ulikuwa mezani, Profesa alitembea nao siku hizo. Bi Usafi alipanga vioo vyake kwa mstari, kutoka cheupe mpaka cha wino, akaeleza. Hakuwahi kueleza vizuri namna ile. Alipomaliza, Profesa alivua miwani.

"Nimezeeka, lakini leo nimeona," alisema. "Ila niambie jambo moja. Wewe, Bi Usafi, uliyemfukuza mtu humu kwa sababu ya pomedi, ulifikaje kwenye mafuta?"

Jibu alikuwa nalo. "Nilifikiri tu, Profesa. Nikajiuliza, na ikiwa siku ile..."

"Losheni!"

Kitinda alikuwa amesimama, mikono yote miwili kichwani. "Losheni yangu! Siku ya wageni nilijipaka! Nilitaka nipendeze, nikajipaka mpaka kwenye viganja, nikasema nitavaa glavu. Lazima ilidondoka! Wiki zote hizi naogopa kusema kwa sababu ya sheria." Akaangua kilio na kicheko kwa pamoja, akamrukia Bi Usafi shingoni. "Wifi umeniokoa! Ulijua, ukanitafutia sababu bila kunitoa nishai!"

Profesa alikuwa anatikisa kichwa taratibu, mambo yanampangikia. "Basi imeeleweka. Kosa la bahati, lakini ni bahati ya aliyekuwa kazini. Ugunduzi ni wa Kitinda. Bi Usafi ametupa maelezo, na jina lake litafuata la Kitinda. Nami nilitoa ahadi." Akauchukua ufunguo, akaunyoosha upande wa Kitinda.

Hapo, msomaji wangu, mwanamke mwenye akili zake angetulia. Angekuwa na nusu ya sifa, heshima yake, ndoa yake na wifi anayemwabudu. Alichotakiwa kufanya ni kufumba mdomo. Lakini wivu hauna akili za hesabu. Angeweza kuvumilia Kitinda apewe chumba. Angevumilia hata makofi. Kwamba Kitinda apewe na uchafu, uchafu wenyewe, ule ulioletwa na kidole chake mwenyewe, hilo halikumezeka.

"Si losheni yako!"

Alisikia sauti yake ikigonga dari.

"Losheni ya glavu itafika wapi? Ni mimi! Ni kidole changu! Mlipokuwa ukutani mnacheka nilijifuta hapa," akajigonga pembeni mwa pua, "nikagusa maji yako. Mimi! Yale mafuta ni yangu!"

Fundi mitambo alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaacha.

Kitinda alikuwa bado amemshika shingoni. Mikono yake ikateleza polepole ikashuka. "Uligusa maji yangu?" alisema. "Ili nini, wifi?"

Profesa alirudisha mkono wake, akautia ufunguo mfukoni mwa koti lake, akafunga kifungo.

"Na kila siku ukaniambia nisafishe," alisema Kitinda. Aliitazama mikono yake iliyobabuka. Kisha akauliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya yule mtoto mwenye pengo: "Kaka anajua?"

Bi Usafi alitembea kwa miguu kurudi nyumbani, na hakuharakisha. Alipofungua mlango hakusikia redio wala kompresa ya mtu. Mumewe alikuwa mezani. Mbele yake kulikuwa na bakuli la maji na kopo la poda.

"Kitinda yuko wapi?"

"Amehamia kwa mama." Hakupandisha sauti. "Kaa."

Akakaa.

"Amelia hapa mpaka nikaogopa. Kasema uligusa maji. Nikamwuliza, kugusa tu? Mtu anamgusia mwenzake maji, ndiyo anaharibikiwa hivi? Akasema hawezi kunieleza, nikuulize wewe. Akasema wewe ndiye uliyemfundisha, hapa hapa, kwa bakuli na poda." Akalisogeza bakuli. "Mimi hujawahi kunionyesha."

"Hukuwahi kuniuliza."

Akafikiri kidogo, akakubali kwa kichwa. "Kweli. Basi nauliza. Ukigusa maji, kunatokea nini?"

Alikuwa amelisubiri swali lile tangu akiwa bibi harusi. Alishaliandalia majibu, marefu na mafupi, akiwa jikoni, akiwa kwenye foleni, akiwa anaosha beseni. Alichukua poda, akainyunyiza. Ikatanda juu ya maji yote, ikatulia.

"Haya ni safi," alisema. "Unaona imetulia? Hakuna kinachoisukuma."

Akapitisha kidole pembeni mwa pua, akagusa katikati. Poda ikafunguka, ikakimbia pande zote mpaka ukingoni.

Mumewe aliinama, viwiko mezani, vile vile alivyokuwa akiinama kwa mwingine. "Mafuta yamefika wapi?"

"Kote."

"Kwa kugusa mara moja?"

"Mara moja inatosha." Akaendelea. Alimweleza utando wa molekuli moja, akamweleza protini inavyojikunja na inavyofunguka, na jinsi mafuta yanavyowahi mbele. Alisikia sauti yake ikichangamka. Mume hakumkatiza. Aliuliza hili, akauliza lile, na maswali yake yalikuwa mazuri, ya fundi. Na aibu ya jambo hili ni kwamba Bi Usafi alifurahi. Moyo ulimdunda kama wa msichana.

"Ngoja," mumewe alisema. "Rudi nyuma. Yeye alikuwa anasafisha kila siku, na kadiri anavyosafisha ndivyo inavyokataa?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukijua."

"Ndiyo."

Mumewe alifunika kopo la poda. "Nataka nielewe vizuri," alisema. "Kesho nikienda kumwona, niweze kumwambia kwamba nimeelewa alichofanyiwa."

Ndipo Bi Usafi alipojua swali lile lilikuwa la nani. Poda ilikuwa bado imejibanza ukingoni. Akavuta bakuli karibu, akaanza kumweleza tena tangu mwanzo.